Kushirikishwa Si Kushauriana: Kuisoma Hukumu ya Waogiek

Hapa tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi. Leo tusome hukumu. Ndiyo, hukumu: ile ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, kuhusu Waogiek wa msitu wa Mau. Ilitolewa tarehe 26 Mei 2017. Ile ya fidia ikafuata Juni 2022.

Kisa chenyewe kinatokana na andiko jingine, fupi mno: notisi ya Oktoba 2009 ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya, iliyowapa siku 30 wawe wamehama. Notisi ni utanzu wenye msemaji mmoja. Msomaji wake hana zamu ya kusema, kazi yake ni kufunga mizigo. Serikali ilidai inalinda mazingira. Mahakama ikaipekua hoja hiyo kama mhakiki mwenye jicho kali, ikakuta ripoti za serikali yenyewe zinalaumu wavamizi wengine, ardhi iliyomegwa kwa ajili ya makazi, na vibali vya kukata miti. Mrina asali hayumo.

Halafu kuna pahala hukumu inalegea. Fidia ina tarakimu: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na milioni 100 kwa mateso. Lakini amri ya kushauriana na Waogiek kwa mila zao, kuhusu maendeleo, hifadhi au uwekezaji kwenye ardhi ya mababu, haina mwili. Nani ataitwa? Kwa lugha gani? Wakikataa, je?

Kiswahili kingeisaidia. Kenya tunasema "ushirikishwaji wa umma". Hebu lisikilize neno: kushirikishwa ni kutendewa. Kuna mwingine aliyeshika mlango. Kushauriana kunadai wawili. Mkutano wa siku moja chini ya hema, ramani imeshachorwa, wazee wanatia sahihi karatasi ya mahudhurio na kupewa soda: basi, ushirikishwaji umekamilika, faili lifungwe! Kushauriana kungeanza kabla ya ramani, msituni, wenye mizinga wakionyesha mpaka wa kila ukoo na mapango wanayoyaheshimu, na "hapana" yao ikiandikwa kama jibu, si kama usumbufu.

Novemba 2023 watu walifukuzwa tena Sasimwani, Narok, na nyumba zao zikabomolewa. Walikuwa Waogiek, walioshinda kesi Arusha mara mbili.