Kuoza, Ukungu na Kuvu: Uhakiki wa Istilahi za Tiba ya Okidi

Maelekezo ya kuiokoa okidi inayooza kwa vitu vya nyumbani yanapofasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri hukutana na maneno machache yasiyomtisha: kuoza, ukungu, dawa, kutibu. Kwa kuwa maneno hayo ni ya kila siku, huyapita haraka na juhudi zake zote huzielekeza kwenye majina ya kisayansi ya vimelea. Sisi tunaona kwamba hapo mambo yamepinduliwa. Jina la kisayansi likiandikwa vibaya, msomaji hulikosa tu. Lakini neno la kila siku likitumiwa ovyo, msomaji hulielewa mara moja, akalitekeleza, na ua lake likafa.

Tuitazame sentensi ya aina inayojitokeza katika maandishi hayo: “Mizizi ikioza, huo ni ukungu, itibu kwa mdalasini.” Kisarufi haina ila. Lakini kwa mtazamo wa istilahi, kila neno kuu ndani yake linadai jambo lisilothibitishwa.

Kuoza hutaja kile kinachoonwa na jicho na kunuswa na pua, hakutaji kisababishi. Okidi nyingi za misitu ya Uluguru, kama jamaa zao wa nchi nyingine za joto, hukaa juu ya magome ya miti, na mizizi yao hupata hewa pande zote, ikiwa imevikwa ngozi mithili ya sifongo inayofyonza maji ya mvua kisha ikakauka. Mizizi hiyo ikizikwa katika udongo mzito wa bustani na kumwagiwa maji kila asubuhi, hukosa hewa na kuanza kufa hata kabla ya kimelea chochote kuifikia. Kuvu na bakteria huja baadaye, kula maiti. Mwenye ua aliyeambiwa kwamba kuoza ni ukungu atanyunyiza mdalasini juu ya udongo uleule uliojaa maji, kisha atangoja.

(Hapa tuongeze kwamba okidi haifai kuitwa kimelea, ijapokuwa imemea juu ya mti. Istilahi kimelea imekwisha kutengewa kiumbe kinachonyonya kingine, na okidi ya mtini haimnyonyi mwenyeji wake. Aliyesoma kwamba okidi ni kimelea ama ataing'oa ili kuuokoa mwembe wake, ama ataihurumia na kuiotesha ardhini.)

Katika jambo hili wataalamu wa kilimo wametutangulia. Katika maelekezo ya kilimo cha nyanya, zao lijulikanalo sana Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo, limo jina kuoza kitako. Tatizo hilo hutokana na kalsiamu kutofika ya kutosha katika tunda, mara nyingi kwa sababu ya maji kutolewa bila mpango, wala hakuna dawa ya kuvu itakayoliondoa. Jina lenyewe linataja mahali tu na halimdanganyi mtu kuhusu kisababishi. Kwa mfano huo tungependa kuona kuoza mizizi, na pia kuoza moyo, yaani pale majani yanapokutana na maji yakatuama. Kisababishi kitajwe baadaye, kikishajulikana.

Ukungu ndilo neno lenye utajiri zaidi, na ndilo linalotutia mashaka zaidi. Kwa mkazi wa mjini Morogoro, ukungu ni kwanza lile wingu linaloifunika milima asubuhi. Jikoni ni manyoya juu ya mkate uliokaa. Kwa bwana shamba ni karibu kila ugonjwa wa majani. Sasa, miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua nyingi kuliko ya magharibi, na unyevu huko ni jambo la kila siku. Msomaji wa Kinole akiambiwa kuwa “ukungu umeharibu mmea” aweza kuelewa kwamba hewa ya mlima ndiyo iliyouharibu. Hatakuwa amekosea kabisa, kwa maana spora za kuvu nyingi huhitaji unyevu juu ya jani ili ziote. Lakini atauhamisha mmea tu, asikisafishe kisu alichokatia mmea mgonjwa.

Kwa hiyo tunashauri ukungu uachiwe hali ya hewa na kile kinachoonekana kwa macho juu ya kitu, na kiumbe chenyewe kiitwe kuvu. Neno hili si geni tena. Tangu maafa ya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo watu walikufa kwa kula nafaka iliyochafuliwa, sumukuvu limekuwa neno la matangazo ya umma. Fangasi lina makao yake hospitalini na hatugombani nalo huko, ila halizai kwa urahisi kama kuvu lilivyozaa sumukuvu na kiuakuvu. Hata hivyo, kuvu nazo si za namna moja. Wakulima wa korosho wa kusini hupuliza unga wa salfa dhidi ya ubwiri unga, ambao kuvu yake hutanda juu ya ngozi ya mmea. Asitokee mtu akamimina salfa hiyo kwenye mizizi iliyooza kwa hoja kwamba yote mawili ni ukungu.

Kitenzi kutibu nacho kimetumika kupita kiasi. Sehemu iliyooza hairudi kuwa nzima. Kazi ni kuikata mpaka ifikiwe sehemu yenye afya, kwa kisu kilichopitishwa motoni, kisha kupunguza maji na kuupa mmea hewa. Mdalasini, ambao kwa bahati njema hulimwa Uluguru kwenyewe, hukausha jeraha, na mafuta yake huzuia baadhi ya kuvu zisikue. Ukimwagwa juu ya mizizi mizima huikausha vilevile. Haidrojeni peroksaidi huua vijidudu, na haibagui: hudhuru pia tishu hai. Basi mfasiri aandike kukausha jeraha, au kuzuia uozo usienee, na neno kutibu aliweke akiba. Wala vitu hivi visiitwe kwa pamoja tiba asili. Jina hilo lina maana yake mahsusi, nayo imo katika sheria ya mwaka 2002 inayohusu matibabu ya binadamu. Na peroksaidi ya chupani haina uasili wowote. Sisi tungeziita dawa za jikoni, jina linalosema zinakopatikana bila kuzisifu.

Ziko okidi ambazo huoza kwa bakteria. Jani hulainika, hujaa maji, hunuka, na huweza kwisha kwa siku chache. Baadhi ya wafasiri huandika uozo laini, tafsiri ya neno kwa neno isiyomwonyesha msomaji kitu. Kiswahili kina kuvunda na uvundo, na pua ya mtunza bustani hupambanua aina hii ya uozo upesi kuliko jicho. Pingamizi tunalijua: mzizi huohuo wa neno umo katika kuvundika ndizi na katika mbolea vunde, ambako kuvunda ni jambo linalotakiwa. Kwa hiyo hatupendekezi kuvunda peke yake. Tunapendekeza uozo wa uvundo, na karibu yake ionywe kwamba mdalasini hautegemewi hapa. Jani likatwe na kutupwa mbali.

Lililobaki ni gumu zaidi. Upo uozo wa okidi unaogeuza majani kuwa meusi, na jina uozo mweusi lingefaa kama lisingekuwa limekwisha kutumika kwa kabichi, ambako kisababishi ni bakteria. Huu wa okidi huletwa na Phytophthora na Pythium, jamaa wa kile kinacholeta bakajani chelewa katika viazi. Viumbe hivyo vilihesabiwa zamani kuwa kuvu. Sasa wanasayansi huviweka karibu na mwani wa kahawia, na baadhi ya viuakuvu havivigusi. Tukiandika kuvu tunamtuma mtu dukani kununua kisichofaa. Tukiandika oomaiseti, afisa ugani atalitamka mara moja na kuliacha. Tunaweka mbele ya wasomaji pendekezo la kuvumaji, kwa sharti kwamba maelezo yake katika kamusi yaanze kwa maneno “si kuvu”. Walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na maafisa ugani wa Mgeta na Matombo, ambao ndio watakaolitamka mbele ya wakulima, tunawaomba watuletee hoja zao kabla jina hilo halijafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji.