Mlinganyo na Mwelekeo: Uhakiki wa Mikakati ya Uandikaji Upya katika Lugha za Ubainishaji za Kialjebra

Lugha za ubainishaji rasmi za kialjebra, kuanzia OBJ iliyoasisiwa na Joseph Goguen katika miaka ya 1970 hadi Maude, zimejengwa juu ya dai kwamba milinganyo hueleza maana ya programu bila kutaja namna ya kuitekeleza. Dai hilo lina mvuto, lakini halijitoshelezi. Mlinganyo hauna mwelekeo, ilhali mashine huusoma kutoka kushoto kwenda kulia kama kanuni ya uandikaji upya.

Tuchukue milinganyo miwili: kuanzia(n) = n : kuanzia(n+1), na kichwa(x : y) = x. Kimantiki, kichwa(kuanzia(0)) ni 0. Mkakati unaoanza na usemi wa ndani kabisa hautafikia jibu hilo kamwe, kwa kuwa orodha itaendelea kupanuka bila ukomo. Mkakati unaoanza na usemi wa nje hulifikia kwa hatua mbili. Matokeo ya Church na Rosser ya mwaka 1936 kuhusu kalkulasi ya lambda hayaondoi tatizo hili: njia zote kuweza kukutana huhakikisha kwamba jibu, likipatikana, ni moja, hakuhakikishi kwamba kila njia hulifikia.

Wanaisimu wa Kiswahili wanalifahamu suala hili. Kanuni ya jumla isemayo kwamba mu- huwa m- ikitangulia, mu+alimu huzaa *malimu. Ikitangulia kanuni mahususi ya kugeuza u kuwa w mbele ya irabu, hupatikana mwalimu. Mchanganuzi ana njia mbili: kuzipanga kanuni kwa mfuatano, au kuiwekea kanuni ya jumla sharti kwamba hutumika mbele ya konsonanti tu. Njia ya pili ni bora kwa sababu kila kanuni inakuwa kweli peke yake. Ya kwanza huficha sehemu ya maarifa ndani ya mpangilio.

Kwa kipimo hicho, OBJ ina kasoro. Mkakati huandikwa kama orodha ya namba ndani ya tamko la kitendaji: (1 0) huagiza hoja ya kwanza ikokotolewe, kisha usemi mzima. Msomaji wa milinganyo peke yake haoni agizo hilo, ingawa ndilo linaloamua kama jibu litapatikana. Maude imepiga hatua kwa kutenganisha milinganyo na kanuni za mabadiliko, na kuwa na lugha ya mikakati yenye moduli zake. Hata hivyo, lugha hiyo huongoza kanuni. Mkakati wa milinganyo umebaki katika tamko la kitendaji.

Kwa hiyo, ubainishaji unaotegemea mkakati ili ufikie ukomo haujasema kila kitu kwa milinganyo yake. Uaminifu kwa msomaji unadai utegemezi huo utajwe waziwazi, kama mwanaisimu anavyowajibika kutaja mfuatano wa kanuni zake.