Matuta ya Uluguru na Deni la Mtaalamu

Mwaka 1960 Roland Young, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika Serikali ya Tanganyika, walitoa kitabu juu ya machafuko ya Waluguru. Ni kitabu cha maana. Lakini kichwa chake kilitanguliza ardhi na siasa, na tangu hapo tumezoea kuyasimulia mambo haya kama siasa tupu: watawala walilazimisha, wananchi wakagoma, TANU ikapata wafuasi. Mimi naona kwamba kabla ya siasa palikuwa na kosa la utaalamu, na kosa hilo halijapata mwenyewe.

Tukumbuke yaliyotokea. Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, na serikali iliona udongo ukichukuliwa na mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi. Asiyechimba alitozwa faini. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo walisimama kupinga, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Je, matuta ni kitu kibaya? La hasha. Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, watu hulima mboga katika ngazi na kupata mazao mazuri. Lakini huko kuna maji ya mifereji na samadi. Penye mteremko mkali na udongo mwembamba, ukichimba ngazi unaufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua wa chini usio na kitu. Mkulima wa mahindi asiye na ng'ombe ataurutubisha kwa nini?

Basi matokeo yaliyokuwa kweli mahali pamoja hayakurudia mahali pengine, kwa sababu masharti yake hayakusafiri pamoja nayo. Hapo ndipo penye swali la dhamana. Mtaalamu atasema alitoa ushauri tu. Mtawala atasema alifuata ushauri. Bwana shamba atasema alitumwa. Kila mmoja ana mlango wa kutokea, isipokuwa mwenye jembe, ambaye alitoa nguvu zake, akapoteza udongo wake, kisha akaitwa mkaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa maoni yangu, anayetangaza matokeo ana deni la kusema yalipatikana katika udongo gani, kwa mbolea gani na maji kiasi gani. Anayeyageuza kuwa amri ana deni kubwa zaidi: kuyajaribu kwanza pale pale, kwa gharama yake. Katika miaka ya 2000 CARE na WWF walipokwenda Kibungo, huko huko Uluguru, kwa ajili ya maji yale yale ya Ruvu, wakulima walilipwa kwa kazi ya kuhifadhi ardhi. Sisemi kwamba malipo huponya udongo. Nasema yalihamisha sehemu ya hasara kutoka kwa mwenye jembe kwenda kwa mwenye kuhitaji maji.

Leo Chuo Kikuu cha Sokoine kimekaa chini ya milima hii tangu 1984. Wanafunzi wake wakitazama juu, wasiwaone Waluguru wa 1955 kuwa watu waliokataa elimu. Walikuwa wamekwisha kufanya jaribio, na jibu walilipata shambani.