Kitabu cha Kuazima, Mwezi wa Nane

Huku mpakani likizo ya Agosti haiji na kiangazi. Asubuhi jua kali, mahindi yameanikwa uani juu ya turubai. Alasiri wingu limetanda, na mbio zote ni za kuokoa mahindi. Kitabu kilichoachwa juu ya kigoda kitakumbukwa baadaye. Kwa hiyo kuanzia Bumala hadi Busia, na kule juu Malaba, mtoto mwangalifu aliyeazimwa kitabu na shule hukivalisha kwanza, kusoma kukafuata.

Ajuaye kazi hiyo hataki gazeti, maana wino wake huhama na unyevu hulilegeza. Hutafuta mfuko wa saruji, akabandua tabaka la ndani na kulipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kitabu hulazwa juu yake, karatasi ikizidi vidole vitatu kila upande. Penye uti, juu na chini, hukata ulimi mdogo na kuuingiza ndani. Asipofanya hivyo, jalada litachanika kitabu kikifunguliwa. Mikunjo hupigwa kwa ukucha. Gundi hushika karatasi kwa karatasi, kamwe haigusi kitabu, ili siku ya kurudisha kivuliwe kikiwa vilevile. Wavivu huimwaga popote, na anayekuja kukivua huchuna picha nzima.

Uti uliolegea wataka subira. Uji wa muhogo hunata vizuri, ila mende nao wanaupenda. Mimi nausifu uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa Port Victoria wa kushonea nyavu: matundu matatu, fundo moja, na usiukaze mno kwani hukata karatasi. Mfuko wa plastiki umepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, ingawa kutoka ng'ambo huvuka bado (nani huuvusha, tusiulizane). Hata hivyo kitabu kibichi kikifungiwa humo huota ukungu.

Eneo hili lina sifa ya ajabu katika habari za vitabu. Mwaka 1996 shirika la Kiholanzi, ICS, lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule za Busia na Teso, na mwanauchumi Michael Kremer na wenzake wakafuatilia alama za watoto. Jibu lao, lililochapishwa 2009, liliwakata wengi maini: mwanafunzi wa kawaida hakupanda, waliofaidika ni waliokwisha kuwa mbele. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, kwa wengi lugha ya tatu. Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa majaribio ya namna hiyo.

Matokeo hayo nayakubali. Lakini mtihani humpima aliyekishika kitabu mwaka ule. Mtoto asiyekielewa bado, akikirudisha kizima, amemwekea mdogo wake ambaye huenda akakielewa, na pengine amejiwekea mwenyewe, kwa kuwa kitabu kigumu cha Februari huweza kulainika Oktoba.

Tangu Januari 2018 serikali hupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Karatasi ya kuvivalisha haipeleki. Wiki ya kufunga shule, popote panapojengwa duka, watoto humzunguka mwashi wakiomba mifuko mitupu. Na mwashi muungwana huifungua kwa kisu ukingoni, haipasui kwa sepetu.