Ganda la Karamoja na Fundi wa Mabega

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika pori la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, Mskoti Walter Bell aliangusha tembo wengi kwa bunduki ambayo wenzake waliona inafaa swala tu. Ilikuwa Mauser ya milimita 7, yenye kichwa cha risasi cha gramu 11 hivi. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo ulipo. Alipojua, kichwa kirefu, chembamba na kigumu kilimtosha, maana hupenya mfupa bila kupotea njia.

Ganda la risasi ya Mauser hiyo ndilo alilolitumia Ned Roberts, Mmarekani, miaka ya 1920, kwa kazi tofauti kabisa. Alitaka kulenga kwa mbali wanyama wadogo wa jamii ya kindi wanaochimba mashimo mashambani. Akaibana shingo ya ganda ipokee kichwa chembamba zaidi, na mwaka 1934 kampuni ya Remington ikaanza kuiuza risasi hiyo kwa jina la .257 Roberts.

Kisha akaja P.O. Ackley, fundi bunduki, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ganda la Mauser limelegea mwilini: pana kitakoni, jembamba juu, mabega yakiteremka taratibu. Ackley hakulifinyanga kwa nyundo wala kwa kalibu. Alichonga upya chumba cha bunduki, kuta zikakaribia kunyooka na mabega yakasimama kwa nyuzi 40. Risasi ya kawaida ikifyatuliwa humo, shinikizo la baruti huisukuma shaba mpaka ivae umbo la chumba. Ganda linalotoka ni jipya kwa umbo, na hujazwa tena kwa mkono.

Siri iko penye shingo. Fundi hurudisha mtutu nyuma kidogo, ili risasi ya kawaida ibanwe pale shingo inapokutana na bega, kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita. Pakilegea, ganda hurefuka ghafla likifyatuliwa, huota mkanda mwembamba juu kidogo ya kitako, na siku moja hukatika papo hapo. Gesi ya moto ikivuja, hurudi kwa mfyatuaji.

Wengi husifu kasi inayoongezeka. Kasi ipo, lakini faida kubwa zaidi ni uhai wa ganda. Bega kali huizuia shaba kutiririka kuelekea shingoni, basi haihitaji kukatwa mara kwa mara, na kuta zilizonyooka hushika chumba vizuri, zikipunguza msukumo kwenye komeo. Ackley alilithibitisha hilo kwa bunduki ya Winchester ya modeli ya 1894 aliyoiondolea kizuizi cha komeo. Ni jaribio la hatari ambalo halipaswi kurudiwa na yeyote.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na risasi hazitengenezwi bila leseni. Kwa hiyo, kwa msomaji wa Garissa au Dagahaley, huko Kenya, somo hili ni la mekanika: chuma, shaba na shinikizo. Hata Ackley mwenyewe aliona mpaka wa mbinu yake. Ganda ambalo tayari ni kubwa mno kwa tundu la mtutu, ukilipanua zaidi, baruti ya ziada huishia kuwa joto linalokula koo la mtutu.