Pambizo la Picha: Kambi za Kasulu na Kibondo Katika Kidirisha cha Kamera

Wengi huamini kwamba mpiga picha huona kwanza, kisha kamera ikanakili alichokiona. Imani hiyo ina kasoro. Jicho la mpiga picha hutazama katika kidirisha cha kuchungulia. Picha yenyewe hufanyika mahali pengine, kwenye bamba linalopokea mwanga. Na mipaka ya viwili hivyo aghalabu hailingani. Tofauti hiyo mafundi huihesabu kwa asilimia. Wahakiki nao wanapaswa kuihesabu, hasa panapohusika nchi iliyojulikana ulimwenguni kwa picha kuliko kwa maneno. Nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, ni nchi ya namna hiyo.

Ufundi wenyewe si mgumu kuufahamu. Kamera za dijitali zenye kioo cha ndani, zilizoenea mikononi mwa waandishi wa habari katika miaka ya 2000, zilirithi umbo la kamera za filamu. Mwanga hupita kwenye lenzi, hugonga kioo, kisha hupanda hadi kidirishani. Ili kupunguza gharama na uzito, watengenezaji wengi walikifanya kidirisha kionyeshe sehemu tu ya kitakachopigwa. Nikon D70 ya mwaka 2004 na Canon EOS 350D ya mwaka 2005 zilionyesha asilimia 95 ya upana na asilimia 95 ya kimo. Anayesikia hivyo hudhani kilichofichika ni kidogo. Lakini upana ukizidishwa kwa kimo, eneo linaloonekana ni kama asilimia 90 tu. Takriban sehemu moja katika kumi ya picha hupigwa bila kuonwa. Katika kamera ndogo za mfukoni pengo lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa kidirisha chake kilikaa kando ya lenzi na kutazama kwa tundu lake chenyewe. Zilikuwapo kamera zilizoonyesha yote, tangu Nikon F ya mwaka 1959 hadi Nikon D3 ya mwaka 2007, ila bei yake haikuwa ya kila mtu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kidirisha cha kamera kinalo, na nyuma ya pazia hilo huingia wasioalikwa: mkono wa mtu aliyesimama kando, ndoo, baiskeli iliyoegemezwa mgombani, mtoto anayechungulia. Mpiga picha huwagundua baadaye, picha ikiwa imekwisha kuwa picha. Hapo ndipo anapokuja wa tatu, naye ni mhariri wa gazeti au ofisa wa shirika, mwenye haki ya kupunguza. Kwa kuwa pambizo halikuchaguliwa na mtu, huwa la kwanza kukatwa. Msomaji hupewa kile ambacho jicho lilikitaka tangu awali, naye hudhani amepewa kile ambacho kamera ilikiona.

Nini hupotea katika mkato huo? Mfano ni Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka, maelfu ya Warundi waliongezwa humo, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Safari ya wengi wao ilianzia Kagunga, kijiji cha Waha kilichobanwa baina ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Mei makumi ya maelfu ya watu walijaa pwani hiyo nyembamba. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali kidogo, na mashua zikawachukua abiria hadi ubavuni mwake. Kutoka Kagunga walipelekwa mjini Kigoma, kisha wakapandishwa mabasi hadi Kasulu.

Picha za siku hizo zilienea dunia nzima, nazo hazikuwa za uongo. Ubavu wa meli, mashua zilizosongamana, mama aliyefunga mtoto mgongoni: vyote vilikuwapo. Lakini katika picha hizo Kagunga ni pwani tu, na pwani haina wenyewe. Kijiji ambacho visima vyake, vyoo vyake na kivuli chake vilitumiwa na umati ule hakionekani, na kikionekana ni paa moja kwenye pembe, nalo hukatwa. Kadhalika katika picha za Nyarugusu na Nduta. Mahema na foleni hujaza katikati, ilhali mashamba ya mihogo na maharage ya Waha yaliyopakana na kambi hubaki nje. Hayo si mapambo ya mandhari. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno, kiasi kwamba mkulima Muha na mkimbizi Mrundi huelewana bila mkalimani. Katika masoko ya pamoja, kabla hayajafungwa kwa amri ya serikali mwishoni mwa miaka ya 2010, walibadilishana unga, mafuta na ndizi. Huko pambizoni ndiko ulikokuwa ujirani, pamoja na ugomvi wake wa kuni na wa mipaka ya mashamba. Anayeona katikati peke yake huona watu walioanguka kutoka mbinguni.

Jambo hili limekwisha kuandikwa na wataalamu. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia kutoka Finland, aliishi miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, akawatafiti katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 alionyesha kwamba wa Mishamo walijitambua kuwa ni taifa lililo uhamishoni, na wale wa mjini walichanganyika na wenyeji, wengi wao wasipende hata kuitwa wakimbizi. Katika makala yake ya mwaka 1996 alieleza jinsi picha za wakimbizi zinavyomfanya mtu kuwa mmoja wa umati usio na jina wala kauli, huku anayezungumza kwa niaba yake akiwa ni ofisa. Tafiti zake mbili zikisomwa pamoja, hoja moja hujitokeza: mkimbizi wa mjini Kigoma, aliyekodi chumba na kufanya biashara kama jirani yake, hakupigwa picha ya ukimbizi kwa sababu hakuna kidirisha ambacho kingemtenga na jirani huyo. Yeye alikuwa pambizo lenyewe.

Mshairi anaweza kupinga kwamba kila sanaa ina kingo zake, na pingamizi lake ni la haki. Mtunzi wa tarbia naye hukata. Mizani kumi na sita zikitimia mstari umekwisha, na neno lisiloingia huachwa nje hata likiwa tamu. Tofauti ni kwamba mipaka ya shairi ipo wazi kwa pande zote mbili. Msomaji anaweza kuhesabu mizani na kujua mtunzi alibanwa wapi. Picha iliyopunguzwa haina mizani ya kuhesabiwa, na anayeitazama hawezi kujua kwamba upande wa kushoto palikuwa na mtu. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alishikilia picha zake zichapishwe nzima, bila kupunguzwa. Hata hivyo picha yake mashuhuri ya mtu anayeruka dimbwi, aliyoipiga Paris mwaka 1932, ilipunguzwa, kwa kuwa uzio aliopigia picha uliziba upande mmoja. Kwa hiyo kupunguza si dhambi. Cartier-Bresson alilieleza jambo hilo mwenyewe, na anayeitazama picha ile leo anajua nini kiliondolewa.

Kwa kipimo hicho ndipo picha za Kasulu na Kibondo zinapopaswa kuhakikiwa. Swali la kama picha ni nzuri au inahuzunisha limezoeleka. Maswali yanayokosekana ni mepesi zaidi: je, picha hii ni nzima? Iliyo nzima imehifadhiwa wapi? Maelezo yake yanataja kijiji na mwaka, au yanasema tu kambi, Afrika? Kijiji cha jirani kinatajwa walau kwa jina? Shirika linalotumia picha ya Nduta kuomba msaada lina haki ya kuchagua katikati. Halina haki ya kuifuta picha nzima katika hifadhi yake, kwani siku moja mtoto aliyezaliwa humo, au Muha wa kijiji cha jirani, ataitafuta ili ajue palivyokuwa.

Haja hii imezidi siku hizi. Simu ya mkononi haina kidirisha cha kuchungulia. Kinachoonekana kwenye skrini, kwa kawaida, ndicho kinachopigwa. Vijana wa Kasulu na Kibondo wanajipiga picha wao wenyewe, wakichagua katikati yao, na hilo ni jema, kwa kuwa umati umeanza kupata majina. Lakini usahihi huo una gharama yake. Kamera yenye asilimia 95 ilikosea kwa faida ya asiyetazamwa, ikamwingiza bila ruhusa ya mtu. Skrini ya simu haikosei hivyo. Anayeitumia asipompa jirani nafasi kwa makusudi, jirani hatakuwamo. Kwa sababu hiyo picha za dijitali zilizopigwa Kigoma katika miaka ya 2000, zenye sehemu moja katika kumi isiyoonwa na mpigaji, ni hazina ambayo bado haijasomwa. Wahifadhi wake na wazichapishe nzima, pamoja na baiskeli, ndoo na paa lile la pembeni.