Je, Aya za Mirathi Zimeufuta Wasia?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Kila unapotajwa wasia katika darsa zetu, husikika kauli hii: Muislamu hana haja ya kuandika wasia, kwani Allah ameshaigawa mali, na aya ya wasia imefutwa. Wasemao hivyo wana nia njema ya kuwazuia watu wasichezee mirathi. Hata hivyo kauli hii ni kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaumiza mayatima, wazazi na madrasa zetu.

Msingi wa hoja

Ni kweli kwamba Surat al-Baqara, aya ya 180, iliamrisha kuwausia wazazi na jamaa wa karibu. Kisha zikateremka aya za 11 na 12 za Surat an-Nisaa zikampa kila mrithi fungu lake, na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa hakuna wasia kwa mrithi. Jamhuri ya wanachuoni wakasema uwajibu wa aya ile umefutwa. Mpaka hapa hatuna mzozo na yeyote.

Jawabu

Kosa ni kudhani kwamba uwajibu ukiondoka, na wasia wenyewe umeondoka. Hebu msomaji azirejee aya hizo mbili za mirathi: zimeutaja wasia mara nne, na kila mara zinasema mgao ni baada ya wasia na deni. Vipi aya iufute wasia, kisha iamrishe utekelezwe kabla ya mgao?

Aidha, katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Ibn Umar mwenyewe, tangu aliposikia hayo, haukumpitia usiku ila wasia wake anao. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, wasia ni sunna. Na kwa mwenye deni au amana isiyojulikana na watu, ni wajibu.

Nani anayeumia?

Wa kwanza ni mjukuu yatima. Baba yake akifa kabla ya babu, na babu akaacha mtoto mwingine wa kiume, mjukuu huyo hapati kitu katika faradhi. Misri ilitunga sheria namba 71 ya mwaka 1946 inayompa mjukuu wa namna hii sehemu isiyozidi thuluthi, na wanachuoni wakakhitalifiana kuhusu kulazimisha huko. Lakini babu akimuusia kwa hiari yake, nani atakayempinga?

Wa pili ni mzazi asiye Muislamu. Katika miji yetu wako ndugu wengi waliosilimu na mama zao wakabaki katika dini zao. Mama huyo hamrithi mwanawe, kwa hadithi sahihi ya Usama bin Zayd (r.a.). Wasia ndio mlango wa wema uliobaki wazi kwake, na kwa kuwa si mrithi, katazo la kumuusia mrithi halimgusi.

Wa tatu ni msikiti na madrasa. Mara ngapi mzee amesema barazani kuwa kiwanja chake ni cha madrasa, akafa bila maandishi wala mashahidi, na warithi wakakiuza? Kisheria huwezi kuwalaumu, kwani hakuna kilichothibiti.

Mipaka isisahauliwe

Wako pia waliopotoka upande wa pili, wakaandika wasia wa kumnyima binti au kumpa mtoto mmoja nyumba nzima. Saad bin Abi Waqqas (r.a.), alipougua Makka akiwa na binti mmoja tu wa kumrithi, aliomba atoe sadaka thuluthi mbili za mali yake, kisha nusu, akakataliwa. Akaruhusiwa thuluthi, na akaambiwa hata hiyo ni nyingi. Kinachozidi thuluthi, au kinachousiwa mrithi, hakipiti ila kwa ridhaa ya warithi baada ya kifo.

Na anayetaka kutoa zaidi kwa ajili ya Allah, basi aweke wakfu akiwa hai na mzima, kama alivyofanya Umar (r.a.) kwa ardhi yake ya Khaybar. Ama kusema "nikifa nyumba hii ni wakfu", hukumu yake ni ya wasia, na haivuki thuluthi.

Nasaha

Enyi maimamu na walimu, tusiwafundishe watu nusu ya hukumu. Tuwaambie waandike madeni yao kwanza, kisha amana, kisha wasia usiozidi thuluthi, na washuhudishe watu wawili waadilifu. Na tuanze sisi wenyewe, kabla ya usiku wa pili kupita.

Wallahu a'lam.